Kangeta, Tuongee Kuhusu Hiyo Soda

Wasee, hii mambo ya miraa tumeibishania hadi tukachoka. Uholanzi walipiga marufuku 2013, Uingereza wakafuata 2014, na hapa nyumbani kila mtu ana maoni. Wengine wanasema ni sumu, wengine wanasema ni dhahabu. Sawa. Lakini kwa nini hakuna anayeuliza kuhusu chupa iliyo kando ya bunda?

Pita base yoyote kutoka hapa Kangeta hadi Maua. Utapata miraa, karanga, Big G, na soda. Majani ni machungu, mdomo unakauka, kwa hivyo lazima kitu tamu. Soda ya kwanza, ya pili, na usiku ukiingia, energy drink. Soda nyingi za kawaida zina karibu gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100. Chupa ya nusu lita ni gramu 50, yaani vijiko 12 hivi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifike gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana abaki chini ya 25. Wewe umemaliza ya siku mbili kwa kikao kimoja, na bado hujala.

Sikumaliza kampasi na sina koti jeupe, lakini hii hesabu haihitaji digrii. Nusu ya sukari hiyo ni fruktosi, na kazi kubwa ya kuivunja inafanywa na ini. Ikizidi, ini linaigeuza kuwa mafuta na kuyahifadhi. Halina kelele. Hutasikia maumivu, utaona tu kitambi kinakua. Miaka ikisonga, ini linaweza kuvimba, likapata makovu, mwishowe likashindwa na kazi.

Halafu kuna wale wa "mimi sinywi pombe, ini langu liko poa." Buda, ini lenye mafuta halingoji pombe. Mwaka 2023 wataalamu waliubadilisha ugonjwa huu jina, na neno pombe likatolewa kabisa.

Wauza "detox" nao? Wanakuuzia chai ya kusafisha ini, kisha unaishushia na soda. Ini si sufuria, halisuguliwi. Kinachosaidia kinajulikana na hakina bei kubwa: punguza uzito polepole. Ukiwa na kilo 90, kupunguza kilo 4 na nusu tayari kunaondoa mafuta kwenye ini. Ukifika kilo 9, hata uvimbe na makovu yanaweza kupungua.

Tembea. Dakika 150 kwa wiki, ukienda mbio kidogo. Wachumaji wetu wanapanda miti tangu alfajiri, hao sina maneno nao. Nasema na sisi tunaokaa: broka, dereva, mwenye duka, na mimi wa kuedit video siku nzima. Milima ya Nyambene iko hapo, ipande.

Kula githeri, nduma na mboga kabla ya kikao, usingoje saa sita usiku ndio ukimbilie chips. Na lala, tafadhali. Kahawa pia tunalima hapa Meru, na tafiti nyingi zimeonyesha wanaokunywa kahawa hupata makovu machache ya ini. Lakini bila sukari, na asubuhi.

Kabla mnirukie: sijasema miraa haina makosa. Madaktari wameripoti watu walioumia ini baada ya kutafuna sana, kwa hivyo kupunguza ni akili. Ninachokataa ni huu ujanja wa kulaumu majani na kuisamehe soda. Miraa inalipa karo hapa, kuiacha si rahisi kwa kila mtu. Soda hailipi karo ya mtoto wako. Unailipia wewe.

Leo ukienda base, beba maji. Watakucheka kidogo, halafu watazoea.