Mkahawa wa theluji: foleni ya Januari isimdanganye mwekezaji

Hoenggye ni mji mdogo ulio Daegwallyeong, wilayani Pyeongchang, katika milima ya mashariki ya Korea Kusini. Uko zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari, na wastani wa joto la Januari huwa nyuzi 7 hivi chini ya sifuri. Jumamosi ya mwezi huo, saa nne na nusu asubuhi, mgeni anayefika hapo atakuta watu wamejipanga nje ya mkahawa wenye viti 20, wakipigapiga miguu kwenye theluji. Ndani kuna jiko la kuni, meza za mbao na dirisha pana linalotazama mlima. Sahani ina slesi za mkate zilizochovywa kwenye mayai, soseji, viazi vya huko huko na majani ya saladi. Bei ni won 17,000. Kikombe cha kahawa ni won 5,500.

Wakorea huuita mlo huo beureonchi, neno walilolichukua kwa Waingereza. Si chai ya asubuhi, si chakula cha mchana. Ni mlo wa mtu asiye na haraka, na mtu asiye na haraka hulipa vizuri.

Mwenye mtaji kidogo akiiona foleni ile huanza kupiga hesabu papo hapo. Viti 20 vikijazwa mara nne kwa siku ni wateja 80. Kila mmoja akiacha won 22,500, mauzo ya siku ni won 1,800,000, yaani zaidi ya dola 1,200 za Marekani. Hesabu hiyo haina kosa. Kosa ni kuizidisha mara siku 365.

Chukua Jumanne ya Aprili. Viwanja vya kuteleza kwenye theluji vimefungwa tangu Machi, barabara ni tope, nyasi bado hazijaota. Wateja ni tisa. Mauzo ni won 202,500. Kima cha chini cha mshahara nchini Korea kwa mwaka 2025 kilikuwa won 10,030 kwa saa, kwa hiyo wafanyakazi wawili wa saa nane wanakula won 160,480 kabla yai la kwanza halijavunjwa. Chukulia kuwa chakula na kahawa ni theluthi moja ya mauzo, yaani won 67,500. Siku imeisha kwa hasara ya won 25,000 na ushei, na bado hajalipwa mwenye nyumba, wala umeme, wala mafuta ya kupasha sakafu joto. Aprili kule bado ni baridi.

Aidha, sheria ya kazi ya Korea inamtaka mwajiri amlipe siku moja ya mapumziko kila wiki mfanyakazi anayefikisha saa 15 kwa wiki. Wenye mikahawa wa Seoul hukwepa mzigo huo kwa kugawa zamu ndogo ndogo kwa wanafunzi wengi. Hoenggye haina wanafunzi wa kutosha wa kugawia zamu. Mwisho wake mwenye mkahawa na mkewe ndio wanaoosha vyombo, na mshahara wao hauandikwi popote kwenye daftari. Mkahawa mwingi unaosemekana kuwa na faida una faida kwa sababu hiyo tu.

Wafanyabiashara wa kahawa watauliza kuhusu bei ya buni. Desemba 2024 arabika katika soko la New York ilivuka rekodi iliyodumu tangu mwaka 1977, na Februari 2025 ikapita dola 4 kwa ratili. Wengi walidhani mikahawa ingekuwa ya kwanza kuanguka. Hesabu inasema vingine. Ratili moja ya buni mbichi hupungua uzito inapokaangwa, zikabaki kama gramu 380, ambazo ni vikombe 19 vya gramu 20. Kwa dola 4, buni iliyo katika kikombe kimoja ni senti 21 za dola, ambazo ni kama won 300. Hata ukiongeza nauli, bima na faida ya mkaangaji, kikombe cha won 5,500 kinaweza kuvumilia. Kinachoumia ni kikombe cha won 2,000 cha maduka ya bei poa ya mijini, yanayoishi kwa wingi wa vikombe. Mkahawa wa mlimani unauza kiti kando ya jiko, na dirisha. Kahawa ni risiti ya kukalia kiti hicho. (Mkulima wa Nyeri au Kilimanjaro, ambaye jina la nchi yake limeandikwa kwa chaki ubaoni ili kuipamba bei, ana haki ya kuutafakari mgawanyo huo kwa uchungu wake.)

Basi swali la mwekezaji ni moja: dirisha hilo linauzika siku ngapi kwa mwaka?

Pyeongchang iliandaa Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi Februari 2018. Treni ya mwendo kasi ya kutoka Seoul hadi Gangneung ilianza Desemba 2017, ikiwa na kituo Jinbu, karibu na Hoenggye. Safari ikafupika, ikawa ya saa moja na nusu hivi. Wenye maduka walishangilia, na walikuwa na sababu. Lakini reli inayoleta mgeni asubuhi ndiyo inayomrudisha jioni. Zamani alilala, akala mara tatu. Sasa anakula mara moja, anapiga picha, anaondoka. Uwanja wa sherehe wa watu 35,000 uliojengwa Hoenggye ulikuwa wa muda tu, ukabomolewa baada ya michezo. Hoteli na viwanja vya Alpensia vilielemea kampuni ya maendeleo ya jimbo kwa madeni ya miaka mingi hadi vikauzwa mwaka 2021. Hao walikuwa na mtaji mkubwa na wahasibu wa kutosha.

Tena watelezaji wenyewe wamepungua. Katika msimu wa 2011/2012 viwanja vya Korea vilipokea wageni karibu milioni 7. Msimu wa 2020/2021, wakati wa Uviko, hawakufika milioni 1.5. Kiwanja cha Alps cha Goseong kilifungwa mwaka 2006, na Bears Town cha Pocheon mwaka 2022. Vijana ni wachache kuliko zamani, na tiketi ya ndege ya kwenda Japani si ghali. Kwa haki, Daegwallyeong ina msimu wa pili: Julai na Agosti watu wa mabondeni hukimbilia huko kupunga hewa baridi, na malisho ya kondoo huwavuta wenye watoto. Masika na Novemba ndiyo mashimo yenyewe.

Ushindani nao si wa mchezo. Mwishoni mwa mwaka 2022 Korea ilikuwa na maduka ya kahawa zaidi ya 100,000, sawa na duka moja kwa kila watu 500 hivi. Mengi yamefunguliwa na watu waliostaafu wakiwa na miaka hamsini na kitu, waliotia kiinua mgongo chao chote humo. Mwaka 2024 biashara zilizofunga milango na kurudisha usajili kwa mamlaka ya kodi zilipita milioni 1, mara ya kwanza nchini humo. Si mikahawa yote hiyo, lakini mikahawa imo.

Mtego wenyewe uko kwenye kilemba. Kama ilivyo Kariakoo, mpangaji anayeingia kwenye duka lenye wateja Korea humlipa anayetoka fedha za jina na sehemu, mbali na amana ya mwenye nyumba. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inamwezesha mpangaji kudai aendelee hadi miaka kumi, na huo ni ulinzi mzuri dhidi ya mwenye nyumba mwenye tamaa. Haimlindi dhidi ya mtaa uliopoa. Kilemba hurudi tu akipatikana mjinga au jasiri mwingine wa kukilipa. Na duka la mlimani huuzwa Januari, foleni ikiwa mlangoni.

Hatua chache kutoka kwenye foleni hiyo kuna biashara nyingine inayoishi kwa baridi ile ile. Ni samaki wa hwangtae. Wachuuzi wa Hoenggye huwaning'iniza samaki aina ya pollock kwenye vichanja vya nje wakati wa baridi. Usiku wanaganda, mchana wanayeyuka kidogo, miezi kadhaa mfululizo, hadi nyama inageuka ya manjano na laini kama sifongo. Ni ng'onda wa barafu badala ya jua. Hawa nao wanaitegemea Januari, na majira ya baridi yakikosa makali samaki huharibika. Lakini Januari ikiwa nzuri wanaifunga kwenye mafurushi, wanaiuza Busan mwezi wa Juni.

Mwenye mkahawa hawezi kuikausha Jumamosi yake. Anaweza hata hivyo kuuza kitu kinachosafiri. Terarosa, jina linalojulikana sana Korea, ilianzia Gangneung, upande wa pili wa mlima huo huo, mwaka 2002 kama kiwanda cha kukaanga buni, na paketi za buni huuzika hata kwa mtu ambaye hajawahi kuona theluji ya Daegwallyeong. Mkahawa wenye kikaango chake, au oveni ya mikate inayopelekwa kwa posta, una Aprili inayohesabika. Usio na hivyo una dirisha.

Kwa hiyo mnunuzi aombe daftari la Aprili na la Novemba, kisha ajaze humo mishahara ya mume na mke kwa won 10,030 kwa saa au kima cha mwaka husika. Kwa mkahawa wa viti 20 usio na mauzo ya nje ya mlango, kilemba kinachozidi faida halisi ya msimu mmoja wa baridi ni ghali. Wauzaji wengi watasema daftari la Novemba liko kwa mhasibu. Treni ya kurudi Seoul ipo jioni hiyo hiyo.