Skrini ya Barabarani Haizimi Taa

Kuna imani iliyowakaa vichwani mameya na wafadhili wengi: kwamba raia hupoteza umeme kwa kuwa hajui, na akiwekewa skrini ya rangi uwanjani imwonyeshe matumizi yake, atajirekebisha. Naipinga, tena kwa mfano uleule wanaousifu.

Februari 2008, wasanii Helen Evans na Heiko Hansen walimulika kwa leza ya kijani mvuke uliokuwa ukitoka kwenye bomba la mtambo wa makaa ya mawe wa Salmisaari, jijini Helsinki. Kadiri wakazi walivyopunguza umeme, ndivyo wingu la kijani lilivyopanuka. Jioni moja waliombwa kuzima vifaa vyao kwa saa nzima. Kazi ilipendeza mno, na mwaka huohuo ikatunukiwa Golden Nica, tuzo kuu ya Ars Electronica.

Na makaa je? Mtambo ule ulizalisha umeme pamoja na joto la kupashia nyumba, na katika baridi ya Februari ya Finland hakuna swichi ya sebuleni inayoondoa haja ya joto. Tanuri liliwaka miaka 17 zaidi. Lilizimwa Aprili 2025, baada ya bunge kupitisha mwaka 2019 sheria ya kupiga marufuku makaa kuanzia 2029, na kampuni ya nishati ya jiji kuwekeza katika pampu za joto na boila za umeme.

Hapa Tanzania, kusema mwananchi hajui ni kumtukana. Anayenunua LUKU anaziona uniti zikishuka kwenye mita. Anajua pasi inakula kiasi gani, ndiyo maana hunyoosha nguo za wiki nzima kwa mkupuo mmoja. Asiyejua ni asiyelipa kutoka mfukoni mwake: bosi ambaye kiyoyozi cha ofisi yake kinanguruma Jumapili, na hakuna mtu ndani.

Shuleni skrini hiyo inaweza kufundisha, sikatai. Ugomvi wangu ni kuiweka mbele ya mpita njia asiye na mamlaka juu ya swichi hata moja ya jengo analolitazama, aone haya kwa niaba ya mwenye jengo.

Wakurugenzi wa majiji, fedha za skrini zinunulieni taa za LED na vifaa vya kuzima viyoyozi saa za kazi zikiisha. Kisha bandikeni mlangoni bili ya umeme ya ofisi yenu, mwezi kwa mwezi, pamoja na cheo cha afisa anayewajibika nayo.