Gesi ya Songo Songo Inafika Dar, Vipaji Je?

Novemba 5, 2019, katika uwanja wa Anfield, Mbwana Samatta aliruka juu ya mabeki wa Liverpool, waliokuwa mabingwa wa Ulaya, akaisukumia wavuni kwa kichwa kona ya Genk. Machi 1, 2020, akiwa na Aston Villa, aliifunga Manchester City kwa kichwa tena, safari hii kwenye fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley. Mechi zote mbili timu yake ilipoteza kwa 2-1. Lakini sisi mashabiki wake hatujayasahau mabao yale, wala hatutayasahau.

Tatizo ni namna tunavyoisimulia safari yake. Tunaisimulia kama muujiza wa mtu mmoja. Ukiifuatilia hatua kwa hatua, utaona kwamba kila alipofika, alifikishwa na mashindano. Kijana huyu wa Mbagala alipitia African Lyon, akaenda Simba. Mwaka 2011 Simba wakapangwa na TP Mazembe katika Ligi ya Mabingwa Afrika; Samatta akawafunga, na Mazembe wakamsajili. Lubumbashi alikaa karibu miaka mitano. Mwaka 2015 alitwaa ubingwa wa Afrika akiwa na mabao 7, akifunga katika mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger. Januari 2016, mjini Abuja, akatangazwa mchezaji bora kati ya wanaocheza ndani ya Afrika, na mwezi huohuo akaenda Genk, alikotwaa ubingwa wa Ubelgiji mwaka 2019. Kipaji kilikuwa chake, ndiyo. Lakini kama Simba na Mazembe wasingekutana, nani angemwona?

Swali hilo ndilo ninalolipeleka Songo Songo. Gesi ya kisiwa hiki cha Kilwa iligunduliwa mwaka 1974. Tangu mwaka 2004 inapita kwenye bomba chini ya bahari hadi Somanga, kisha inakwenda Ubungo kuzalisha umeme. Miaka zaidi ya ishirini sasa gesi ina njia ya uhakika ya kufika Dar es Salaam. Mtoto wa kisiwani mwenye mguu wa dhahabu hana. Pwani hii maji yakipwa, vijana huchomeka miti mchangani, wakacheza peku mpaka bahari ijae. Wapo wanaocheza vizuri mno. Wanaowaona ni wavuvi wanaorudi na nyavu zao.

Maoni yangu ni haya: sehemu ndogo ya fedha ambazo Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa inazipata kutokana na gesi iendeshe ligi ya vijana ya wilaya, ya wavulana na wasichana, inayochezwa kwa miezi kadhaa kila mwaka.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba maji, zahanati, madarasa na usafiri salama wa baharini havijatosheleza, kwa hiyo mpira usubiri. Hoja hiyo ni nzito, na mimi sitaki hata shilingi moja itoke zahanati. Lakini ligi ya watoto haihitaji uwanja wa mabilioni. Inahitaji mipira, posho za waamuzi, makocha wenye mafunzo ya msingi, na nauli ya boti ili timu ya Songo Songo ifike Kivinje au Masoko na kurudi. UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari ni mashindano mazuri, ila huja mara moja kwa mwaka na kupita.

Wengine watasema mwenye kipaji aende Dar, kwani Barabara ya Kilwa inapita hukohuko Mbagala alikotokea Samatta. Wengi wamekwenda. Lakini anayeondoka ni kijana aliyekwisha kuwa mkubwa, mwenye nauli na ndugu wa kumpokea. Mtoto wa miaka 12, umri wa kujifunza msingi wa mpira, hawezi kupanda basi peke yake. Na huyo anayefika, kwanza atafute chakula, mazoezi baadaye.

Wapo pia watakaotaja Namungo ya Ruangwa, na wana haki ya kujivunia. Klabu hiyo ya mkoa wetu wa Lindi ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF mwaka 2020, kisha ikaingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Hata hivyo, timu ya Ligi Kuu hutafuta mchezaji aliyeiva. Wa kumwivisha lazima awe karibu na nyumbani kwake.

Tena kuna faida ambayo viongozi wetu hawaizungumzii. Kanuni za FIFA zinatenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomlea mchezaji kuanzia msimu wa miaka 12 hadi 23. Klabu iliyomsajili rasmi kwa misimu minne ya kwanza, kuanzia miaka 12 hadi 15, inastahili asilimia 1 ya ada hiyo. Mchezaji akiuzwa kwa pauni milioni 8, klabu ya kijijini inadai pauni 80,000. Lakini bila usajili hakuna malipo, hata kama kijiji kizima kinajua mtoto yule alikulia wapi.

Waheshimiwa madiwani wa Kilwa, ingizeni hesabu hii katika bajeti ijayo: ligi ya chini ya miaka 15 na 17, kuanzia Kipatimu hadi Pande, kila mtoto asajiliwe kupitia chama cha soka cha wilaya, na nauli ya boti ya Songo Songo iandikwe kwenye kifungu chake. Nanyi wananchi, kwenye mikutano ya kijiji ulizeni fedha za gesi zimetumikaje. Samatta mwingine huenda tayari amezaliwa kisiwani. Tusimwache azeeke bila kucheza mechi moja yenye mwamuzi na filimbi.