Aliye Mbali Naye Hushtakiwa

Vijiweni Tabora kuna imani iliyoota mizizi, na waliohama wameondoka nayo: aliye nje ya nchi hashtakiki. Mtu yuko Muscat au Dallas, anarekodi sauti, anamwita mfanyabiashara wa Isevya mwizi wa mali za yatima, anaitupa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Akionywa hujibu kwa kejeli: "Nishtaki basi, uje unikamate huku."

Kwanza, nani kasema lazima akamatwe? Kashfa ni shauri la madai; kinachotafutwa ni fidia.

Njia ya misafara ilishaliona jambo hili. Mwishoni mwa 1889 mvumbuzi Henry Morton Stanley alimshtaki Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa misafara, katika mahakama ya ubalozi mdogo wa Uingereza, Unguja. Hakumshtaki kwa kashfa, bali kwa kuvunja mkataba wa kumpatia wapagazi wa msafara wa kumwokoa Emin Pasha, gavana aliyekwama kusini mwa Sudan. Mdaiwa alikuwa Stanley Falls, Kisangani ya leo, miezi kadhaa ya mwendo kutoka pwani, wala hakuwa raia wa Uingereza. Lakini fedha zake zilikuwa kwa Taria Topan, tajiri wa Kihindi aliyekuwa chini ya himaya ya Waingereza, na mahakama ikazizuia. Ikambidi Tippu Tip afunge safari kupitia Tabora, akafika Unguja 1891. (Mwaka 1890 Stanley alishamchafua kwenye kitabu kilichochapwa London. Hapo ndipo palipostahili kesi ya kashfa, na haikufunguliwa.)

Sheria ya leo haiko mbali na hapo. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, iliyochotwa kwenye sheria ya India ya 1908, inampa aliyekosewa hiari: afungue shauri pale kosa lilipotendeka au pale mdaiwa anapoishi. Na kashfa hutendeka inaposomwa au kusikilizwa. Mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya Australia ilimkubalia Joseph Gutnick wa Melbourne kuishtaki nyumbani kwake kampuni ya Dow Jones, ingawa habari ilipandishwa mtandaoni kutoka Marekani.

Hukumu nayo husafiri. Kenya imeiorodhesha Tanzania miongoni mwa nchi ambazo hukumu zao, kwa masharti, zinaweza kusajiliwa na kutekelezwa kule. Aliyejificha Nairobi hajajificha sana. Wa Dallas ana afadhali: tangu 2010 mahakama za Marekani hukataa hukumu za kashfa za nje zisizolinda uhuru wa maoni kama kwao.

Afadhali hiyo inalinda alichonacho Dallas tu. Wengi wa hawa majasiri wamejenga Tabora, na hapo ndipo umbali unapowageuka. Sheria yetu inaikinga nyumba ambayo mdaiwa anaishi na familia yake isikamatwe kulipa deni. Nyumba iliyojaa wapangaji, mwenyewe yuko ng'ambo, haina kinga hiyo. Dalali wa mahakama anaweza kuinadi.

Kwa hiyo samansi ikifika, hata ikiwa imetumwa kutoka Tabora, isichekwe. Atafutwe wakili, utetezi uwasilishwe ndani ya muda uliotajwa. Mdaiwa akinyamaza, mahakama inaweza kusikiliza shauri upande mmoja na kutoa hukumu bila yeye kuwepo.