Safari ya kisiwani ipangwe kuanzia kurudi

Idi au Pasaka inapokaribia, makundi ya marafiki mijini huanza kuchangishana kwa ajili ya kwenda kisiwani. Kwa watu wa Dar es Salaam ni Mbudya na Bongoyo, au Sinda kwa upande wa Kigamboni. Kwa waliovuka kwenda Unguja ni Changuu, au lile fungu la mchanga la Nakupenda linaloibuka maji yakipwa na kuzama yakijaa. Hupangwa nani atanunua samaki, nani atabeba spika, boti itaondoka saa ngapi na kila mtu atoe kiasi gani. Saa ya kurudi haipangwi. Huachwa ijilete yenyewe, jua likianza kuzama na watu wakishachoka. Naona hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote katika safari hizi. Kundi la marafiki, mwenye boti na mamlaka wanapaswa kuanza na saa ya kurudi, kisha ndipo yapangwe mengine.

Bahari ina kalenda yake, nayo inafuata mwezi. Watu wa pwani wameigawa tangu zamani katika bamvua na maji mafu: mwezi unapoandama na unapopevuka, maji hujaa sana na kupwa sana, baina ya nyakati hizo hutulia. Sasa tazama sikukuu zetu. Idi el-Fitri ni mwezi mosi wa Mfunguo Mosi, yaani mwezi umeandama usiku uliotangulia. Kwa hiyo Idi Mosi ni siku ya bamvua, mwaka huu, mwaka ujao na miaka yote. Pasaka nayo imefungwa kwenye mwezi, kwani ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa majira hayo, na katika miaka kadhaa Ijumaa Kuu huangukia ndani ya bamvua hasa. Mwaka 2023, kwa mfano, mwezi ulipevuka tarehe 6 Aprili na Ijumaa Kuu ikawa tarehe 7. Tena hiyo ni masika, wakati ambapo wingu la mvua na upepo wake huweza kufika kabla watu hawajamaliza kukusanya vyombo vyao. Idi ya kuchinja, mwezi kumi wa Mfunguo Tatu, ndiyo yenye nafuu, maana huangukia maji mafu au karibu yake. Mtu anayefikiri kwamba Idi zote mbili ni sawa baharini hajamuuliza mvuvi.

Kalenda hii ina saa zake pia. Siku za bamvua, katika pwani ya Dar es Salaam na Unguja, maji hupwa kabisa majira ya saa nne asubuhi, hujaa kabisa majira ya saa kumi alasiri, halafu huanza kutoka hadi saa nne usiku. Tofauti kati ya kupwa na kujaa inaweza kukaribia mita 4. Wala maji hayaendi kwa mwendo mmoja: karibu nusu yake huingia katika saa mbili za katikati, na ndivyo yanavyotoka. Anayeondoka kisiwani Idi Mosi saa kumi na mbili na nusu magharibi anaingia baharini wakati mkondo wa maji yanayotoka una nguvu kuliko saa nyingine yoyote ya jioni hiyo. Upepo ukiwa unavuma kinyume na mkondo, mawimbi husimama, yakawa mafupi na makali, na boti ndogo iliyojaa haina nafasi ya kuyapokea. Nahodha mzuri anaweza kuyamudu. Lakini giza linaingia, na chochote kitakachotokea kitatokea pasipo mtu wa ufukweni kukiona.

Jambo la pili linahusu idadi ya watu, nalo ni la hesabu ya kawaida. Kwenda kisiwani kunatawanyika: kundi moja huvuka saa tatu, lingine saa tano, wengine baada ya swala ya adhuhuri, na boti ileile huenda na kurudi mara nyingi ikiwa na mzigo wa wastani. Kurudi hakutawanyiki. Wote waliokuja kwa safari sita au saba wanataka kuondoka kwa safari moja au mbili za mwisho, kwa sababu hakuna anayetaka kuacha raha mapema, na hakuna anayetaka kulala kisiwani. Hapo ndipo mwenye boti anaposhawishika kuongeza watu watano, kisha wanane. Ndipo pia jaketi okozi zilizotosha asubuhi zinapopungua. Kinachojaza boti ni saa waliyoichagua abiria wenyewe, na kumlaumu nahodha peke yake hakutabadili kitu.

Historia yetu ya majini inaonyesha jinsi siku za msongamano zinavyoua. MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikielekea Pemba, siku kumi hivi baada ya Idi el-Fitri. Meli ya kuchukua takriban watu 600 ilikuwa imebeba, kwa mujibu wa tume ya uchunguzi, zaidi ya watu 2,000. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 huko Ukara, katika Ziwa Victoria, siku ya gulio. Ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101, na waliokufa walizidi 220. Sikukuu na gulio ni tofauti kwa mambo mengi, lakini vinafanana kwa hili: watu wengi wanataka kuvuka kwa wakati mmoja, na kila mmoja anaamini kwamba yeye, kwa uzito wake mmoja, hawezi kuwa ndiye atakayezamisha chombo.

Najua watakaosema kwamba hizo zilikuwa meli na vivuko, na Mbudya ni kilomita chache tu kutoka Kunduchi, inaonekana kwa macho. Ukaribu haujawahi kumwokoa mtu asiyejua kuogelea. MV Nyerere ilikuwa imekaribia kabisa gati ya Bwisya. Kivuko cha Mtongwe, Mombasa, kilichopinduka tarehe 29 Aprili 1994 na kuua watu 272, kilikuwa mita chache tu kutoka nchi kavu. Hata huo ukaribu wenyewe una madhara yake, kwani ndio unaomfanya mtu aikalie jaketi badala ya kuivaa.

Wengine hutaja wavuvi, wanaotoka kila usiku kwa ngalawa na mashua bila jaketi na wakarudi. Mfano huu unaniunga mkono zaidi kuliko unavyonipinga. Mvuvi hupanga safari yake kwa maji na upepo; akiambiwa kusi limechafuka, hatoki, hata kama nyumbani hakuna unga. Mvuvi anaifuata bahari. Kundi la sikukuu linaitaka bahari ilifuate lenyewe, na bado linadai usalama uleule. Tena wavuvi hulipa gharama kubwa kwa kukosa jaketi, na vijiji vya pwani vina wajane wa kulithibitisha hilo.

Hoja nzito zaidi ni ya fedha. Vijana wengi wanaokwenda visiwani si matajiri; ni wauza duka, mafundi, wanafunzi wa vyuo waliojinyima wiki kadhaa. Boti ikijaa, mafuta yanagawanywa kwa watu wengi na nauli inashuka. Ukisema ibebe watu wachache, unamfungia mtu wa kipato cha chini mlango wa bahari yake mwenyewe, na bahari ikabaki ya wageni na wenye nazo. Mimi nalipa uzito jambo hili, maana pumziko la ufukweni ni haki ya mtu anayefanya kazi. Ila nauli haishuki kwa kujaza boti peke yake. Boti inayoanza kurudisha watu saa nane, ikaenda mara tatu kabla ya saa kumi na moja, inabeba watu walewale kwa mafuta ambayo yangegawanywa vilevile, kwa sharti kwamba baadhi yao wakubali kuondoka mapema. Kinachohitajika ni zamu. Na pale ambapo gharama itapanda kweli, ipande. Kundi linaloweza kuchangia fulana za rangi moja linaweza kuongeza kidogo kwa ajili ya nafasi ndani ya boti.

Lipo pia lile neno la kufunga mjadala: ajali haina kinga. Husemwa msibani kwa nia ya kufariji, na msibani ndipo mahali pake. Kabla ya safari si mahali pake. Anayetawakali kwa Mungu hatakiwi kuacha kufunga kamba ya mashua gatini, na hakuna shehe wala padri wa pwani atakayemwambia aiache.

Serikali nayo ina sehemu yake. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) kwa bara na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar zina uwezo wa kukagua vyombo, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa. Lakini ukaguzi ukifanyika asubuhi pale watu wanapoondokea, unakagua ile nusu ya safari yenye usalama zaidi. Wakaguzi wa sikukuu wawe ufukweni mwa kisiwa kuanzia saa nane mchana, na saa ya boti ya mwisho itangazwe siku kadhaa kabla kwa kufuata maji ya siku hiyo. Na kila kundi liache orodha ya majina kwa mtu aliyebaki nchi kavu. Msiba wa Spice Islander ulikuwa na uchungu juu ya uchungu: hesabu za mwanzo za waliokuwemo zilitaja mamia, tume ikaja kufikia maelfu, na familia nyingi hazikupata mwili wala hazikuona jina la mtu wao kwenye karatasi yoyote.

Kwa Idi Mosi, saa ya kurudi si ngumu kuipata. Maji yanafikia ukomo wa kujaa majira ya saa kumi, na kabla ya hapo mkondo unalegea. Boti inayoondoka Mbudya saa tisa unusu inavuka maji yakiwa karibu yanasimama, inafika ufukweni bila abiria kutembea juu ya miamba na matumbawe, na mashine ikizima njiani bado kuna takriban saa tatu za mwanga kwa boti nyingine kuja kuwavuta.