Pishi Pungufu Ndani ya Diski



Wengi wetu hapa pwani tuna jamaa walioolewa au wanaofanya biashara Migori na Homa Bay, kando ya Ziwa Victoria. Tulipowazuru mwezi wa Shaaban, tulimkuta dada yetu wa Homa Bay ana majonzi. Kompyuta ya nyumbani ilikuwa nzito, naye alidhani akiipunguzia mzigo itakuwa nyepesi. Alipokwenda Migori mjini alinunua diski ndogo ya kuchomeka, iliyoandikwa terabaiti 2, kwa bei isiyopita ya kuku mmoja. Akahamishia humo picha na video zote za familia, zikiwemo za marehemu mumewe, kisha akazifuta kwenye kompyuta. Baada ya siku chache majina ya mafaili yalikuwepo, lakini mengi hayakufunguka. Na kompyuta ikabaki nzito vilevile.

Tumeona vyema tulieleze jambo hili, lisije likamfika mwingine.

Kompyuta ina nafasi za aina mbili. Kumbukumbu ni kama kibao cha kusukumia chapati: ndipo kazi ya sasa inapofanyika, na umeme ukikatika hubaki tupu. Hifadhi, yaani diski, ni stoo ya unga. Stoo iwe kubwa namna gani, kibao kikiwa kidogo kazi haiendi. Fundi alipoifungua kompyuta ya dada yetu, aliikuta na kumbukumbu ya gigabaiti 4 tu. Alipoongeza nyingine 4, ikawa nyepesi. Hapakuwa na haja ya kufuta hata picha moja.

Kabla ya kununua chochote, basi, jueni kilichopungua. Katika Windows, bonyezeni kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc, mtazame kumbukumbu inayotumika. Ikikaribia kujaa mkiwa mmefungua programu chache tu, kibao ndicho kidogo. Tazameni pia nafasi iliyobaki kwenye diski. Mwulizeni fundi aina inayofaa, kwani kumbukumbu ya DDR3 haiingii mahali pa DDR4, na katika baadhi ya kompyuta za kupakata imechomelewa kwenye ubao wake, haiongezeki.

Kwa mashine za michezo ya vijana, hali ni tofauti kidogo. PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000, ilitosheka na kadi ya megabaiti 8 ya kuhifadhia hatua za mchezo. PlayStation 4 ya mwaka 2013 ilikuja na diski ya gigabaiti 500, na ipo michezo ambayo kila mmoja hupita gigabaiti 50. Kumbukumbu yake haiongezeki, ila hifadhi hupanuka: tangu mwaka 2017 inakubali diski ya nje ya USB 3.0, kuanzia gigabaiti 250 hadi terabaiti 8. Lakini akina mama, tahadharini! Kabla ya kuweka michezo humo, mashine huifuta diski yote. Diski ya picha za nyumbani isikae karibu na mkono wa kijana mwenye haraka ya kucheza.

Tuirudie diski ya Migori. Diski bandia huwa na nafasi ndogo ndani, lakini imechezewa ili iiambie kompyuta kwamba ni kubwa. Nafasi ya kweli ikijaa, yanayofuata hupotea au huandikwa juu ya yaliyotangulia, huku orodha ya majina ikionekana timamu. Anayeuza gigabaiti 32 kwa jina la terabaiti 2 hana tofauti na anayepunja pishi ya mchele, na Surat Al-Mutaffifin inawaonya wapunjao vipimo. Mnunuzi naye asione haya kupima. Programu za bure, kama H2testw ya Windows, huijaza diski tupu mpaka pomoni, kisha husoma tena kila kilichoandikwa. Huenda kazi hiyo ikachukua saa kadhaa, lakini ni bora kuliko majuto.

Na hata diski ikiwa ya kweli, msifute nakala ya kwanza mpaka mmefungua ya pili na kuiona kwa macho. Picha za familia ni amana, na amana haikai mahali pamoja tu: iwepo nyumbani, na nyingine kwa jamaa unayemwamini.

Alhamdulillahi, picha kadhaa za dada yetu zilipatikana kwenye simu za mawifi zake wa Mombasa. Video ya marehemu akimsomesha binti yake alifu kwa kijiti haikupatikana. Binti alituuliza kama fundi wa Mombasa anaweza kuirudisha, nasi hatukuwa na jibu jema la kumpa.

Mwenyezi Mungu amrehemu baba yake, na atuhifadhie tulivyo navyo. Amin.