Maoni Yetu: Watano hawakutimia? Hesabuni tena

Mzazi anaomba mwanawe aliye gymnasium, yaani sekondari ya juu, afundishwe Kiswahili kama lugha ya nyumbani. Anajibiwa kuwa wanafunzi hawatoshi, au mwalimu hakupatikana. Anashukuru, anaondoka, na mwakani hata fomu haijazi. Tumeyasikia haya mara nyingi kutoka kwa wazazi wa Kiswahili nchini Sweden. Kwa walioko Jakobsberg na vitongoji vyake, neno letu ni hili: mnakata tamaa mapema mno.

Kanuni inasema halmashauri inabanwa kufundisha lugha ya nyumbani pale wanaoitaka wasipopungua watano na mwalimu anayefaa akapatikana. Wengi wakisikia watano, wanatazama darasa la mtoto wao na kumwona yeye peke yake. Lakini hesabu haifanywi kwa darasa, wala kwa shule moja. Inafanywa kwa mwenye shule, na mwenye shule za umma ni halmashauri. Kijana mmoja wa Jakobsberg, mwenzake wa Viksjö, mapacha wa Kallhäll na binti wa Barkarby, wakiwa wote kwenye gymnasium za halmashauri ya Järfälla, tayari ni watano. Wazazi wao pengine wanakutana kila mara kwenye harusi, arobaini na vikao vya michango, na hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake kama ameomba. Angalizo moja: anayepanda treni ya pendeltåg kwenda kusoma shule ya jiji la Stockholm anahesabiwa huko, hahesabiwi Järfälla.

Na mwalimu je? Hapa ndipo masomo ya mbali yanapoingia. Tangu Julai 2015 sheria ya Sweden inaruhusu lugha za nyumbani kufundishwa kwa kile wanachokiita fjärrundervisning. Mwalimu anaweza kuwa Göteborg au Umeå, wanafunzi wakawa kwenye shule yao, wakaonana kwenye skrini saa ile ile. Sharti ni kuwapo mtu mzima wa kuwasimamia wanafunzi chumbani. Halmashauri isiyo na mwalimu wake inaweza kuingia mkataba na ile iliyo naye. Sheria haiilazimishi kufanya hivyo, na hilo tusidanganyane. Ila jibu la "mwalimu hayupo Järfälla" haliwezi tena kuwa mwisho wa mazungumzo.

Faida ya mtoto ni ya kuhesabika. Katika pointi 2,500 za programu ya gymnasium, 200 ni za uchaguzi wake mwenyewe. Lugha ya nyumbani ina ngazi mbili, kila moja pointi 100. Zinaingia humo barabara, bila kugusa hisabati wala Kiingereza, na alama inaandikwa kwenye cheti. Tuseme ukweli pia: Kiswahili kwa njia hii hakileti zile pointi za nyongeza za kuombea chuo kikuu, ambazo hutolewa kwa lugha za kigeni, Kiingereza na hisabati. Anayetafuta nyongeza hiyo tu, aulize upya kwa mshauri wa masomo, yule wanayemwita syv. Anayetaka kusoma barua ya bibi yake na gazeti la Dar es Salaam bila kukwama, hapa ndipo pake.

Sharti gumu zaidi haliko shuleni. Liko jikoni kwako. Lugha lazima iwe ndiyo mnayoongea kila siku na mtoto, na kwa gymnasium awe tayari anaijua vizuri. Mama anayemwita mwanawe mezani kwa "kom och ät" kila jioni, kisha akadai haki ya Kiswahili kila Agosti, anajinyima mwenyewe haki anayoidai. Hakuna mwalimu wa skrini atakayeziba pengo hilo kwa saa moja ya wiki.

Tunaonya pia, kwa sababu neno "distans" limegeuka tamu vinywani mwa vijana wetu. Wapo wanaodhani wanaweza kuacha kwenda shule wakamalizia kitandani. Kusoma kwa masafa kabisa, mwalimu na mwanafunzi wasikutane hata kwa saa, kuliruhusiwa Julai 2021 kama msaada maalumu kwa asiyeweza kufika darasani kwa ugonjwa, au kwa matatizo ya akili au ya kijamii yaliyothibitishwa kwa maandishi, na kwa aliyekwisha kukosa shule muda mrefu. Uvivu haumo kwenye orodha. Komvux nayo, elimu ya watu wazima, ambayo kijana wa miaka 17 anaitaja kama mlango wa nyuma, kwa kawaida inafunguka tarehe 1 Julai ya mwaka anaotimiza miaka 20.

Na kusomea nyumbani tulikwisha kukuonja. Machi 2020, korona ilipoingia, wanafunzi wa gymnasium walirudishwa nyumbani huku wadogo zao wa shule za msingi wakiendelea kwenda shule. Mwenye meza na mzazi wa kumgongea mlango saa mbili asubuhi alivuka. Mwingine alizima kamera, akajifunika blanketi. Ndiyo maana tunaupenda ule mpango wa msimamizi chumbani, hata kama vijana watanuna.

Wala kusoma kwa mbali si jambo geni kwetu. Wasweden walianza kusoma kwa barua na taasisi ya Hermods ya Malmö mwaka 1898. Tanzania ilikuwa na elimu kwa njia ya posta chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, na Sweden ilichangia. Waliopitia huko watakwambia jinsi bahasha ya masomo inavyoweza kukaa juu ya kabati wiki tatu bila kufunguliwa. Skrini nayo ina kabati lake.

Basi ulizaneni Jumamosi hii: nani ana mtoto gymnasium, shule gani, ya halmashauri ipi. Mkiwapata watano, kila mzazi apeleke ombi lake kwa maandishi kwa mkuu wa shule, na alitaje neno fjärrundervisning kwa jina lake. Wakipungua, ombeni vivyo hivyo, maana halmashauri haikatazwi kuwafundisha wawili. Mkikataliwa, takeni sababu kwa maandishi. Tarehe ya mwisho ya maombi iulizeni sasa, kabla shule hazijafungwa kwa majira ya joto na ofisi kubaki na simu zinazolia bila mpokeaji.